Sahihi ya Amerika, Klore ya Uvira

Vijana wangu, mkisikia mtu anasema alifanya kazi ya kutia dawa ndani ya bidoni za watu, yale madumu ya kuchotea maji, kando ya ziwa, msicheke haraka. Mimi nilicheka siku nilipoitwa. Nilikuwa nimechoka kushona nyavu za wengine, nikafikiri nimepata kazi ya kukaa kivulini na kutazama mitumbwi. Kumbe ni kazi ya kubishana. Kutwa unabishana na mama mwenye haraka, na msichana aliyechelewa shule, na mzee anayekuambia kwamba baba yake alikunywa ziwa hili mpaka akaota mvi, kwa hiyo wewe na ndoo yako mrudi mlikotoka.

Mnaniuliza mara nyingi, hasa ninyi mliofika sekondari, iliwezekanaje karatasi iliyotiwa sahihi na rais wa Amerika ikafunga meza yetu ya mbao ya kutilia dawa hapa Uvira. Nitawaambia nilichokiona, na nisichokiona sitakisema. Jambo lenyewe lilikuwa moja. Mvua kubwa zilikuwa zinakuja, bomba lilikuwa halitoi maji, watu wa mtaa wetu walikuwa wanakunywa ziwa, na klore ilikuwa imefungiwa kwa kufuli. Swali lilikuwa tu kama tungeipata kabla kolera, yaani kipindupindu, haijatupata sisi.

Kwanza niwaeleze kazi. Klore ni ule unga mweupe unaoua vijidudu ndani ya maji. Unaukoroga kwenye ndoo, unavuta kiasi kwa sindano kubwa isiyo na ncha, unasukuma ndani ya bidoni ya mtu. Anafunga, anatikisa, anaondoka. Akifika nyumbani anangoja kidogo ndipo anywe. Ndiyo yote. Hata aliyeishia darasa la sita kama mimi anaielewa kabla hajamaliza kunywa chai.

Kilichokuwa kigumu ni ile sindano. Siku yangu ya kwanza bibi mmoja aliiona, akakumbatia bidoni yake kama mtoto.

“Weye, hiyo sindano umeitoa ku hospitali gani?”

“Haina ncha, bibi. Angalia.”

“Naangalia. Ncha mumeificha.”

Wakati ule watu walisema kwamba dawa yetu inafunga uzazi. Nikaanza kumweleza mambo ya vijidudu, jasho likinitoka, foleni ikirefuka. Ndipo fundi wangu, Mama Zawadi, akasogea. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi yote. Mzaliwa wa kijiji cha Runingu, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Zamani aliuza mboga za lengalenga sokoni, na hakuna mteja aliyemshinda kwa maneno.

“Bibi,” akasema, “hii sindano iko ya bidoni. Sasa bidoni yako ilikuwa inataka kuzaa?”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi mwenyewe akacheka mpaka akaweka bidoni chini, nami nikatia dawa kabla hajabadili mawazo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba mtu anayecheka hufungua kifuniko.

Wengine hawakubishana, walidanganya. “Haya maji haiko ya kunywa, papa. Iko ya kufua.” Kwa maneno yao Uvira nzima ilikuwa inafua tu, hakuna aliyekuwa na kiu. Mimi nilitaka kuwaambia waache uongo. Mama Zawadi akanivuta mkono.

“Usimwite mama wa watu mwongo mbele ya foleni. Mujibu: sawa, hata ya kufua tunatia. Akifika kwake atajua mwenyewe anafua nini.”

Sasa yashikeni haya, maana yanafaa hata leo. Unga unautia ndani ya maji, usiyamimine maji juu ya unga. Ndoo iwe ya plastiki, chuma kinaliwa. Iweke kivulini na uifunike, jua linaila dawa kuliko mtu anavyokula ndagala. Na usisimame karibu na nguo nzuri. Asubuhi moja nilikoroga kwa nguvu za kijinga, matone yakaruka juu ya kikwembe kipya cha Mama Zawadi, cha kijani. Kufikia saa sita kilikuwa na madoa meupe kila mahali. Niliomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Jumapili akakivaa hivyohivyo kanisani, kichwa juu. Kesho yake mama mmoja akaja mezani kwetu kuuliza kikwembe cha namna ile kinauzwa duka gani Bujumbura. Mama Zawadi akamwonyesha mimi. “Duka iko huyu.”

Jambo jingine ni matope. Mvua ikinyesha milimani, mto Mulongwe unaleta udongo, na ziwa karibu na ukingo linageuka kuwa kama chai ya maziwa. Kiasi cha kawaida cha klore kinamalizwa na matope kabla bidoni haijafika nyumbani. Kwa hiyo tulikuwa na vidonge vidogo vya kupimia. Unatia kimoja kwenye maji kidogo, yakigeuka rangi ya waridi, dawa bado ipo. Yakibaki meupe, ongeza. Wakati wa mvua ndipo kazi inapokuwa kazi. Wakati wa kiangazi hata mbuzi angeweza kuifanya.

Basi tuje kwenye sahihi.

Sisi Wakongo hatuogopi neno ordonansi, yaani amri ya rais, tumekua nalo. Jioni mtu anakaa mbele ya televisheni anasoma ordonansi ya rais, ukurasa baada ya ukurasa, huyu ameteuliwa, yule ameondolewa, na nyumba nzima imenyamaza ikisikiliza kama kuna jina la mjomba. Lakini ordonansi ya Kinshasa ina safari. Inapanda milima, inavuka mito, inalala njiani. Mara nyingine inafika Uvira wakati ordonansi nyingine imekwisha kuifuta. Kwa hiyo tuliposikia redioni kwamba Amerika ina rais mpya, na kwamba siku ileile ya kuapishwa ametia sahihi karatasi ya kusimamisha misaada yote inayokwenda nchi za nje mpaka ichunguzwe, hakuna aliyeacha kula. Tulisema, hiyo nayo itachelewa.

Kwa nini alifanya hivyo? Nilisikia kwamba aliwaahidi watu wake mali yao itawasaidia wao kwanza, na wengi walimpigia kura kwa neno hilo. Mimi simlaumu mtu kwa kutimiza alichowaahidi waliomchagua. Kila rais ana wapiga kura wake, na mimi sikuwa mmoja wao. Kwetu nako mambo yalikuwa mabaya bila yeye. Vita ilikuwa inashuka kutoka kaskazini, watu wa bonde la Ruzizi walikuwa wanakimbilia mjini na magodoro vichwani, na serikali yetu ilikuwa na mawazo mengine kuliko bidoni. Nasema hivyo ili msije mkadhani kwamba shida yetu yote ilizaliwa Amerika. Ila meza yetu, ndoo, unga, na vidonge vya waridi, hivyo vilitoka huko. Hatukuwahi kujiuliza vitatoka wapi siku huko wakisema basi. Hilo nalo ni la kufikiria, na ninyi mnaofika ofisini mlifikirie kuliko tulivyofanya sisi.

Karatasi ile haikuchelewa. Ilifika kwa simu ya mkubwa wetu, Espoir. Alikuwa kijana mpole, amesoma Bukavu, anavaa buti za mpira hata siku za jua. Alishuka kwenye pikipiki akiwa ameshika simu mbali na mwili, kama mtu aliyeokota nyoka.

“Tunafunga,” akasema.

“Mpaka saa ngapi?” nikauliza.

“Papa, haiko ya saa. Tunafunga. Wamesema kila kitu isimame.”

Mama Zawadi hakugeuka. Alikuwa ameshika sindano iliyojaa, na mbele yake msichana amefungua bidoni.

“Na klore iko mu depo? Iliisha kununuliwa.”

“Hata ile. Haiguswi.”

“Na hii iko mu sindano?”

Espoir alitazama simu, akatazama sindano, akatazama ziwa. Namhurumia mpaka leo. “Kwa karatasi, mama… hata hiyo iko ya Amerika.”

“Sawa,” Mama Zawadi akasema, akasukuma yote ndani ya bidoni ya msichana. “Tikisa vizuri, mwanangu. Amerika inakusalimu.”

Tukabeba meza. Madumu ya klore yakabaki depo, yaani ghalani, kufuli juu, funguo mfukoni mwa Espoir. Kesho yake nilikwenda ukingoni kwa mazoea, nikakuta foleni. Watu wamepanga mstari mahali palipokuwa na meza, bidoni zimefunguliwa, wanangoja. Hata wale wa kufua walikuwapo. Nikawaambia hakuna dawa. Mama mmoja, ambaye alikuwa akinidanganya kila asubuhi tangu tujuane, akanikemea: “Sasa tutakunywa nini?” Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Baadaye kukaja neno kwamba kazi za kuokoa maisha zinaruhusiwa kuendelea. Tukafurahi, tukatoa meza. Espoir akaandika kwa waliokuwa juu yake kuomba ruhusa hiyo. Hakuna aliyejibu. Akaandika tena. Tukaja kujua kwamba watu waliopaswa kujibu walikuwa wamesimamishwa kazi na karatasi ileile. Ruhusa ipo, wa kuitoa hayupo. Meza ikarudi ndani.

Wengine walisema tuvunje kufuli. Vijana wa mtaa walikuja na nyundo kabisa. Mama Zawadi aliwafukuza.

“Leo munavunja kwa ajili ya kutia ndani ya maji. Kesho mutu atavunja kwa ajili ya kuuza. Depo ikishavunjwa haijui tena nani mwenye roho nzuri.”

Mimi nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye. Msinitazame hivyo.

Wakati huo mtaani likazuka kosa ambalo nadhani lingeweza kuzuka kwetu tu. Bidoni za miaka mingi zilikuwa zimeshika harufu ya klore. Ukifungua, inakupiga puani hata kama ndani hamna kitu. Basi akina mama wakaambiana kwamba bidoni ya zamani imekwisha kushiba dawa, haihitaji nyingine. Walianza hata kuazimana. “Niazime ile yako ya zamani, yangu iko mupya, haijazoea.” Jirani yangu alinusisha bidoni yake mbele ya pua yangu, akasema, “Papa, unasikia? Hii itatumika mpaka Krismasi.” Nilichukua kidonge kimoja cha kupimia kati ya vichache nilivyobaki navyo. Nilikuwa nimemwambia Espoir kwamba ninavyo, naye akasema hajasikia. Nikakitia kwenye maji yake. Tulikaa tukitazama, yeye na mimi na wanawe. Maji yakabaki meupe. Akasema, “Labda kidonge kimeoza.” Nikatia kingine. Ndipo akamwaga bidoni nzima kwenye mchicha wake.

Kutoka hapo Mama Zawadi akapata wazo la Javeli, ile ya chupa wanayotumia kufulia mashuka. Ndani yake mna klore pia. Tatizo ni kwamba kila chupa ina nguvu yake, na nyingine zina marashi. Kijana mmoja alitutangulia kwa akili zake, akatia Javeli ya maua kwenye maji ya familia, wakapika fufu yenye harufu ya sabuni na mjomba wake akagoma kula. Sisi tulichagua isiyo na kitu, tukaipima kwa vidonge vyangu mpaka tukajua kiasi, nikabakiza kimoja, tukatoa tena meza. Kila aliyeweza akaleta chupa. Zilikuwa kidogo, watu walikuwa wengi, na mvua ikaanza. Tulitia asubuhi mpaka chupa zinakwisha, na waliokuja baada ya hapo walichota hivyohivyo. Kolera ikaingia mtaa wa juu, kisha mtaa wetu.

Siku moja Mama Zawadi aliniomba nimsindikize kwenye shule moja ambako waliokimbia vita walikuwa wanalala madarasani. Kulikuwa na familia kutoka Nyakabere, ndugu za marehemu mumewe kwa mbali. Tulikuta mama, watoto, godoro moja na sufuria. Yule mama akatukaribisha kama yuko kwake, akafuta benchi kwa kikwembe, akatuletea maji. Alikuwa na kikombe kimoja. Akampa Mama Zawadi kwanza, kwa mikono miwili, amepiga goti.

Maji yalikuwa na rangi. Niliona, na Mama Zawadi aliona. Alikitazama kikombe kidogo tu, kama mtu anayetazama saa, kisha akanywa. Akakipokea yule mama, akakijaza, akanipa mimi. Nami nikanywa.

Njiani nikamwambia, “Mama, maji ile…”

“Niliona.”

“Sasa?”

“Weye ulitaka niseme nini? Wameacha ng'ombe, wameacha nyumba, wameacha shamba ya muhogo. Wamebakia na kikombe. Nikatae na kikombe?”

Baada ya hapo akaanza kunitania kwamba nilikunywa kwa kufumba macho kama mtoto anayemeza kwinini, na tulicheka mpaka nyumbani.

Akaugua. Walimpeleka kwenye kituo cha kolera kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na mwanawe. Kituo nacho kilikuwa kimepungukiwa wauguzi na seramu za kutundikia wagonjwa. Hakurudi.

Waliokufa kwa kolera hawaletwi nyumbani. Watu wa afya walimzika wenyewe, amefungwa kwenye mfuko, bila kuoshwa na binti zake, na hilo liliwauma kuliko kifo. Kwa hiyo kilio, yaani matanga, kikawa kikubwa nyumbani kwake, kana kwamba watu wanataka kulipa deni la mazishi yale. Walikuja wa Runingu, wa kanisani, wa sokoni, wale wa madarasani, na foleni yote ya asubuhi. Mnajua kilio chetu. Watu wanalala pale, wanapika masufuria makubwa, wanakunywa, wananawa kwenye beseni moja. Walionitangulia katika kazi ya klore walikuwa wakisema kwamba kolera haipendi kitu kama kilio cha aliyeuawa na kolera. Inazika mmoja, inaondoka na nyumba nzima.

Sikuweza kulia. Nilikwenda nikaleta meza, nikaiweka penye lango, nikakoroga Javeli iliyobaki. Nikamwambia mwanawe mkubwa: hakuna bidoni inayoingia hapa bila kupita kwangu, hata ikiwa imebebwa na mchungaji. Akanikubalia. Lakini nilikuwa na chupa mbili, na mawingu yalikuwa yamejaa juu ya milima.

Akaja kijana wa redio na kinasa sauti. Alikuwa na adabu. Akaniuliza kama sahihi ya rais wa Amerika ndiyo iliyomuua Mama Zawadi.

“Meza ilifungwa kwa sababu ya sahihi ile,” nikamwambia. “Hilo nililiona. Maji ya kikombe yalikuwa machafu. Hilo pia nililiona.”

“Basi sema tu kwamba ilimuua, papa. Neno moja.”

“Minye nilikunywa kikombe kilekile. Unaniona.”

“Hiyo haitaingia vizuri mu habari.”

“Basi usiingize.”

Hakuniudhi. Alitaka uzi mmoja ulionyooka, na mimi sikuwa nao. Sina hata sasa. Kama mnautaka, msiuchukue kwangu.

Mchana ule Javeli ilikwisha. Nilikuwa nimeketi, sindano tupu mkononi, bidoni zimepangwa mbele yangu na akina mama wananitazama wakingoja niseme jambo, ndipo nikasikia pikipiki. Espoir alikuwa nyuma ya dereva, amekumbatia dumu la klore, buti zake za mpira zimejaa matope.

Nikasimama. “Ruhusa imekuja?”

“Haijakuja.”

“Sasa umevunja?”

“Sijavunja. Nimefungua na funguo. Nimeacha karatasi mu depo, nimeandika kwamba ni minye niliitoa, na jina langu, na siku.” Akaliweka dumu juu ya meza. “Papa, kazi yangu itaisha.”

“Inaweza kuisha,” nikasema, maana sikutaka kumdanganya.

“Basi onyesha namna ya kukoroga. Siku zote nilikuwa naandika ripoti tu, sijakoroga hata siku moja.”

Nikamwonyesha. Unga ulikuwa umepoteza nguvu kwa joto la depo, kidonge changu cha mwisho kilitoa waridi hafifu, tukaongeza mpaka ikawa waridi ya kweli. Yeye akakoroga, mimi nikasukuma sindano. Mvua ikapiga, ziwa likageuka matope, tukaongeza tena. Tulibaki langoni pale kilio chote, kwa zamu, na kila bidoni ilipita kwetu. Espoir kazi yake ikaisha kweli, lakini hata wale ambao hawakugusa madumu yao kazi ziliwaishia, kwa sababu baadaye mradi wote ulifungwa. Nami hiyo ikawa kazi yangu ya mwisho ya klore.

Siku ya kumaliza kilio, mchungaji aliomba, binti za Mama Zawadi wakanyolewa, watu wakakunja mikeka. Nilisimama kando ya meza nikiwaaga. Walipita mbele yangu wa Runingu, wa sokoni, wa kanisani, yule mama wa Nyakabere na watoto wake, wazee, wenye mimba, wote. Kila mmoja alitoka langoni kwa miguu yake mwenyewe.